Mchinjaji Anajifunza Kupumua

Jumanne, 22 Aprili

Binti yangu Halimah amesema niandike kila siku jinsi ninavyojisikia. Nikamwambia mimi ni mchinjaji, si mwanafunzi. Akacheka. Andika tu, baba, hakuna mtu atasoma. Basi haya. Sijaandika kitu kirefu tangu darasa la nane.

Leo asubuhi nimeweka kisu chini.

Ng'ombe wa Mwongera alikuwa ameshalazwa, kamba imekaza, shingo imeelekea kibla. Nikainama. Moyo ukaanza — du du du — mpaka masikioni. Mkono ukatetemeka kama wa mlevi wa chang'aa. Mnyama hachinjwi na mkono unaotetemeka. Ukikosea, yeye ndiye anayeumia. Nikasema sijisikii vizuri, mwenzangu wa zamu akamaliza. Mwongera, mwenye bucha, aliniangalia asiseme kitu. Mwongera kunyamaza! Mtu ambaye huongea hata na mizani.

Ni tangu Februari, ng'ombe ndume mmoja aliponirusha ukutani kichinjioni. Mbavu zimepona, daktari kasema zimepona. Kumbe kuna kitu kingine ambacho hakikufungwa plasta.

Kisu hiki kilikuwa cha marehemu baba. Hapa Meru, Wakristo kwa Waislamu, nyama wanayonunua huchinjwa na mikono yetu sisi Waislamu wachache, ili kila mtu aweze kula. Na kila Idi mimi ndiye humchinja ndume wa msikiti mbele ya watu wote. Ustadh Kasim, imamu wetu, ameshaniambia kwa upole: kama bado hujapata nafuu, tutamwita mtu kutoka Isiolo. Huo upole ulinichoma kuliko matusi. Idi iko mwanzoni mwa Juni.

Halimah anasomea uuguzi Embu. Dawa yake ni kupumua! Eti nilaze mkono tumboni, nivute hewa kwa pua taratibu, kisha niitoe polepole zaidi. "Itoe kama unapoza chai na hutaki mtu ajue." Nimemsomesha mtoto chuo kikuu aje kunifundisha kupumua.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimejaribu. Sijui kupumua.

Kweli kabisa. Mkono uko tumboni, tumbo halisogei hata kidogo, mabega ndiyo yanapanda na kushuka. Mke wangu Mwanatatu alinikuta nimekaa kitandani macho nimefumba, akauliza kama nimefiwa. Nikamweleza. Akaweka sufuria chini akajaribu pia. Tumbo lake likapanda mara moja! Akasema labda ni kwa sababu amezaa. Akarudi kwa chapati zake akinicheka.

Nikaanza kuangalia watu. Hili jambo sijawahi kuliona, na liko mbele ya macho siku zote. Jirani yetu akiongea kwa simu hapumui mpaka amalize sentensi. Paka anapumua kwa tumbo. Watu wa soko la Gakoromone asubuhi, wanaopakua viazi, wanapumua juu juu kama kuku wenye kiu.

Halimah anataka nihesabu, lakini nikihesabu naharakisha, nataka kumaliza. Nimepata njia yangu. Wakati wa kunoa: kisu kikipanda kwenye kinoo, navuta. Kikishuka, kwa upande wa pili, polepole mpaka ncha, natoa. Kupanda ni kufupi, kushuka ni kurefu. Baada ya muda mfupi tumbo likasogea lenyewe. Nilitabasamu peke yangu kama mwehu.

Jumatatu, 28 Aprili

Kisu hakinolewi mbele ya mnyama, hivyo tulifundishwa tangu utoto. Kwa hiyo pale kichinjioni kinoo sina. Nikakikumbuka kwa kichwa tu. Panda — shuka.

Mkono ulitetemeka, kisha ukatetemeka kidogo, kisha ukakubali. Nikasema Bismillahi Allahu Akbar, nikapitisha. Safi.

Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kidogo. Kwa furaha, nadhani.

Jumamosi, 3 Mei

Ajabu ya leo! Nilimuuliza Halimah: hewa inakwenda mapafuni, sasa moyo unajuaje? Akasema kuna neva ndefu, inatoka kichwani, inateremka shingoni, inapita moyoni hadi tumboni. Ukitoa pumzi taratibu, hiyo neva inauambia moyo upunguze mwendo. Inaitwa vegasi. Jina kama la klabu ya usiku.

Shingoni wapi? Kando ya mshipa mkubwa wa damu, baba. Wanyama nao wanayo? Wanayo.

Hapo ndipo kisu changu kinapita kila siku ya Mungu.

Nilipomaliza kazi nikaomba shingo ya ng'ombe, nikaifungua taratibu. Mkaguzi wa nyama akaja na muhuri wake, akauliza natafuta ugonjwa gani. Nikamwambia natafuta utulivu. Akaniambia nipunguze miraa — mimi situmii miraa! Lakini niliipata. Iko palepale, imelala na mshipa ndani ya ngozi moja laini. Nyeupe, nene kama uzi wa kushonea magunia. Miaka yote hii naikata na sijui ninachokata. Nikaigusa kwa kidole. Nikajigusa na mimi shingoni.

Jumatano, 7 Mei

Jambo jipya. Wanyama wanasikia.

Leo kulikuwa na ng'ombe mkali kutoka Kiirua, macho meupe, anakoroma. Kamba imeshakata mkono wa kijana mmoja. Nilikuwa kando peke yangu, najipumulia mwenyewe, sina habari naye. Mara nikaona masikio yake. Yalikuwa yamesimama, yakalegea. Nikatoa pumzi nyingine ndefu. Akashusha kichwa. Nikasema ni bahati. Nikajaribu kwa mwingine. Huyo naye!

Mwongera alikuwa ameegemea ukuta anaona yote. Akanijia macho yakimtoka. "Jamal, hiyo maombi ni gani? Ile ya kawaida ni fupi. Hii ni refu."

Si maombi, Mwongera. Ni kupumua.

"Sawa, sawa," akasema, akanikonyeza. "Siwezi ambia mtu."

Jumatatu, 12 Mei

Mwongera amewaambia watu wote.

Anasema nyama ya yule ng'ombe ilikuwa laini, imetulia, na wateja wamerudi kuuliza. Huenda ni kweli, mnyama aliyehangaika nyama yake huwa nyeusi na ngumu, kila mwenye bucha analijua hilo. Lakini sasa wanataka "ile ndefu". Leo Ntinyari, yule mama mwenye bucha ya karibu na stendi, amekataa ng'ombe wake achinjwe na mtu mwingine. "Mimi ni wa Methodist, lakini maombi ni maombi. Fanyia huyu wangu ile ndefu."

Nikamweleza. Nikamshika mkono nikauweka juu ya tumbo lake mwenyewe. Hewa, mama, hewa tu! Akasikiliza vizuri kabisa, akatikisa kichwa, akasema anaelewa, kuna siri ambazo hazisemwi kwa watu wa nje.

Kadiri ninavyoeleza ndivyo wanavyozidi kuamini. Nimeacha kueleza. Nilicheka njia nzima hadi nyumbani Majengo.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeitwa na Ustadh Kasim baada ya swala. Nilijua.

Nasikia umeanza kuwapulizia wanyama kama mganga, akasema. Bismillahi unasema? Nasema, palepale. Umeongeza maneno? Hapana, Ustadh, ni hewa tu. Nikamweleza kuhusu Halimah, kuhusu neva, kuhusu mkono wangu. Alinisikiliza amefumba macho. Nikangoja aniambie Isiolo.

Badala yake akainuka akafunga mlango. "Hebu nionyeshe."

Kumbe yeye naye! Miaka yote hiyo, akipanda mimbari Ijumaa, kifua kinambana mpaka anaona giza. Hajawahi kumwambia mtu. Tukakaa kwenye mkeka wawili, mikono tumboni. Tumbo la Ustadh ni kubwa, linapanda vizuri. Akasema tumeamrishwa kumpa mnyama raha yake kabla ya kumchinja, na kama raha hiyo inakuja na pumzi, basi endelea. Na Idi ni yako. Idi ni yangu!

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda hadi Ruiri kumchukua ndume wa Idi. Kamati ya msikiti imemnunua mapema na mimi ndiye nina uwanja nyuma ya nyumba, kwa hiyo atakaa kwangu mpaka siku yenyewe.

Mkubwa, mweusi, kifua kama mlango. Amelima mashamba ya mama mmoja anayeitwa Gatakaa tangu akiwa mdogo. Sasa magoti yameanza kumsumbua mama, shamba amekodisha. Hakulia. Alinipa maelekezo kama mtu anayempeleka mtoto bweni. Hapendi haraka. Hapendi mtu wa nyuma yake, ila wakati wa kulima. Maji ya baridi sana hanywi.

Nikamwomba asiniambie jina lake. Akaniambia. "Anaitwa Kairu." Ndiyo hivyo, sasa nimelijua.

Alhamisi, 22 Mei

Majaribio yangu na ndume. Naandika kabla sijasahau.

Nikisimama mbele yake nikapumua polepole, hajali. Nikisimama ubavuni, bega langu kwenye bega lake, baada ya muda anashusha pumzi kubwa — puuuh — na kutoka hapo tunakwenda pamoja. Pumzi yake ni ndefu kuliko yangu. Mwanzoni nilidhani mimi namfuata, baadaye nikadhani yeye ananifuata. Nikajaribu kubadilisha, nikazidisha kidogo mwendo. Naye akazidisha. Nikapunguza, akapunguza. Subhanallah!

Mwanatatu ametutazama kutoka jikoni. Kasema tangu tuoane sijawahi kukaa kimya naye muda mrefu namna hiyo.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nilikaa chini ya mabati na ndume. Tulipumua.

Jumanne, 27 Mei

Leo sijala.

Kichinjioni aliletwa ng'ombe wa maziwa, mzee, amekauka. Mpole. Nikampumulia kama kawaida, nikiwa nimechuchumaa. Akatulia. Kisha akaja akaweka kidevu chake juu ya goti langu. Akafumba macho. Uzito wote wa kichwa akaniachia mimi.

Nilimchinja. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na Mwongera akasema hivyo kwa sauti.

Naona haya. Sijui ni haya ya nini. Zamani mnyama alikuwa ananiogopa, na alikuwa na haki. Tulijuana, yeye na mimi. Huyu aliniamini. Nilimfanya aniamini kwa hewa yangu mwenyewe, halafu nikafanya nililofanya.

Nimemuuliza Mwanatatu. Akasema wewe bwana, unataka afe kwa hofu ndiyo ufurahi? Kila mtu anaomba afe ametulia. Ana haki. Lakini nyama aliyonipakulia sikuweza kuigusa. Nilikula sukuma na ugali kidogo, nikaacha.

Jumapili, 1 Juni

Halimah amefika kutoka Embu. Amekonda. Alimwona ndume akasema ni mzuri, nikatamani asingesema.

Tulikaa uani na chai. Nikamwuliza bila kuzunguka: hiki ulichonifundisha, ni cha kuponya au ni cha kudanganya? Akafikiri. Akanieleza kuhusu mgonjwa mmoja wodini, mama wa makamo, alikuwa anaondoka na anajua. Alikuwa anahema kwa hofu. Halimah akamshika mkono, akapumua naye mpaka akatulia, na akafariki akiwa ametulia.

"Sikumdanganya, baba. Nilikaa naye tu."

Ndiyo, nikasema. Lakini wewe hukuwa na kisu.

Akaniangalia. Akaniongezea chai. Kisha akaniambia kama siwezi, niseme sasa, Ustadh apate muda wa kupiga simu Isiolo. Hakuna aibu. Nikamwambia nani kasema siwezi? Mkono ni mzima! Nikaunyoosha, nikakiweka kikombe juu yake, chai haikumwagika. Halimah hakuangalia kikombe. Aliniangalia mimi.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda hadi mlangoni kwa Ustadh nimwambie kuhusu Isiolo. Nikamkuta anajipumulia kwa ajili ya hotuba ya Idi, mkono tumboni, ana furaha kama mtoto. Nikasema nilikuwa napita tu.

Mtu mgeni atamfunga, atamwangusha, atakuwa nyuma yake. Ndume hapendi mtu wa nyuma yake. Hilo nalo nimeliwaza. Basi ni nani bora kuliko mimi? Na ni nani mbaya zaidi? Nageuza hivi na hivi kama chapati, pande zote mbili zinaungua.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya Arafa. Nimefunga. Leo sikwenda uani. Maji nilimpa Halimah ndiye ampelekee. Nilimsikia ndume kupitia dirisha: puuuh. Ananiita, au anapumua tu. Ni ng'ombe, Jamaldin. Ni ng'ombe.

Ijumaa, 6 Juni

Idi Mubarak. Tumeswali. Ukungu, baridi, kanzu za watoto zimeloa pindo.

Ilikuwa ndume achinjwe kwenye uwanja wa msikiti. Amekataa kutoka kwangu. Walivuta wanaume wanne, wengine wakamsukuma kwa nyuma — kwa nyuma! — akakita miguu, macho meupe, povu mdomoni. Mmoja karibu avunjwe mguu. Kelele. Ustadh akapaza sauti mbele ya watu wote: mwacheni, aje Jamaldin ampumulie.

Nikaenda. Bega kwa bega. Niliona aibu kupumua mbele ya macho mengi namna ile, lakini nilipumua. Masikio yakalegea. Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Kisha ndume akakunja magoti ya mbele, akakunja ya nyuma, akalala mwenyewe. Hakuna aliyemwangusha, wallahi. Akaanza kucheua. Mwongera, aliyekuja kutupa mkono wa Idi na kreti ya soda, akavua kofia. Mtu akasema Subhanallah. Ustadh akasema basi ni hapahapa, uani.

Wameweka maji tayari. Hawajamfunga hata kamba, wanasema ya nini.

Nimeingia ndani kuchukua kisu. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati. Nimenyoosha mkono mbele ya dirisha: umetulia kabisa. Ndicho kitu nilichokuwa namwomba Mungu tangu Aprili. Amenipa.

Niandike na hili, kwa sababu sitamwambia mtu. Kabla sijaingia, nilipiga magoti kando ya sikio lake nikajifanya namwombea dua. Nikapumua haraka haraka, juu juu, kama mtu anayefukuzwa. Makusudi. Nilitaka ashtuke. Nilitaka ainuke anirushe ukutani kama yule wa Februari, anijue mimi ni nani. Moyo wangu ukaanza kweli, du du du, mpaka masikioni. Yeye hakuinuka. Aligeuza kichwa akaniangalia, akaacha kucheua, akanishushia pumzi ndefu ya moto usoni. Akangoja. Akashusha nyingine. Hivyo hivyo, bila haraka, mpaka mimi ndiye nikatulia.

Halimah anagonga mlango. Baba, wanakungoja. Nimemjibu nakuja. Kisu nimekifunika kwa kitambaa, kiko mkononi. Bado nimesimama hapa dirishani.